Ukuukuu wa kamba: Elimu ya kusaka mitumba na kuvipa vilivyotupwa uhai mpya

WAHENGA walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ukweli wa methali hii hudhihirika kila alfajiri katika soko la Gikomba jijini Nairobi, kamba za marobota zinapokatwa na wanunuzi kujongea kwa pupa, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kutia mkono.

Miongoni mwao wamo wachuuzi wanaotafuta bidhaa za kwenda kuuza kwingine, na wazazi wanaotafuta sweta za watoto. Wamo pia watu wasiosukumwa na dhiki yoyote kufika hapo, ila wamenaswa na uraibu wa kusaka vitu vizuri vya bei nafuu na kuvipa kazi mpya vile vilivyotupwa.

Uraibu huo una elimu yake. Anayeumudu si yule anayelipa pesa chache kuliko wote, bali ni yule anayeweza kutambua uhai uliosalia katika kitu, na kujua kipi kinafaa kuachwa kilipo hata kikitolewa bure.

ASILI YA MITUMBA

Neno mtumba lina maana ya robota au mzigo uliofungwa. Kwa kuwa nguo zilizovaliwa ng'ambo huingia nchini zikiwa zimeshindiliwa na kufungwa kwa namna hiyo, jina la mzigo liligeuka kuwa jina la bidhaa yenyewe. Siku hizi neno hilo hutumiwa hata kwa viatu, mikoba, mapazia na vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika.

Aghalabu nguo hizo hutolewa na wenyewe kama msaada katika mataifa ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Makampuni huzinunua kwa uzani, huzichambua kwa aina, kisha huzisafirisha kwa meli hadi bandari ya Mombasa. Robota la kawaida huwa na uzani wa kilo 45.

Biashara hii ilipanuka mno katika miaka ya 1990 baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa. Mwananchi wa kawaida alifurahia kuvaa nadhifu kwa gharama ndogo, lakini viwanda vya nguo vilivyozoea kulindwa dhidi ya ushindani viliyumba. Kicomi mjini Kisumu na Rivatex mjini Eldoret ni miongoni mwa vile vilivyolemewa. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 ili kufufuliwa.

Hata hivyo, si haki kuitwika mitumba lawama zote. Usimamizi mbaya, kudorora kwa kilimo cha pamba na gharama ya juu ya umeme vilichangia pia kuanguka kwa viwanda hivyo.

Mvutano huo haujaisha. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba katika masoko yao hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ilitishia kuyanyima mataifa hayo nafasi ya kuuza bidhaa zao huko bila ushuru, na Kenya ikajiondoa katika mpango huo. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka wa 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafasi hiyo.

Mnamo Machi 2020, kufuatia janga la corona, Kenya yenyewe ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba. Marufuku hayo yaliondolewa Agosti mwaka uo huo, baada ya kilio cha maelfu ya watu ambao riziki yao hutoka katika marobota.

JICHO LA MSAKAJI

Mchuuzi wa jumla hununua robota bila kuona kilichomo. Likifunguliwa, huenda akapata faida au hasara, na hawezi kulirudisha. Nguo bora kabisa, zisizo na doa wala mchubuko, huitwa kamera, nazo ndizo hutangulia kuchukuliwa. Zile zinazosalia baada ya wote kuchagua huitwa fagia, na huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa sababu hiyo, saa ya kufika sokoni ina uzito sawa na pesa zilizo mfukoni. Anayetaka kamera hurauka. Anayetaka kitambaa cha kushonea kitu kingine, ambaye hajali kifungo kilichopotea, hufika alasiri wachuuzi wanapotaka kupunguza mzigo wa kurudisha ghalani.

Si Gikomba pekee panapofurika wasakaji. Soko la Toi, linalopakana na mtaa wa Kibera, lina wateja wake sugu. Mombasa wapo wa Kongowea, na Kisumu ni wa Kibuye.

Msakaji hodari hatazami rangi kwanza. Huanza kwa kugeuza nguo ndani nje na kukagua mishono, makwapa, ukosi na mahali mapaja yanapokutana, maana hapo ndipo kitambaa huchakaa mapema. Kisha huinyanyua nguo kwenye mwanga. Iwapo mwanga unapenya kwa mabaka, nyuzi zimekwisha nguvu. Zipu hufunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja, na pua nayo hufanya kazi yake, kwa kuwa harufu ya ukungu ni ngumu kuondoa.

Lebo inapokuwa imekatwa, nyuzi huweza kujieleza zenyewe nyumbani. Uzi mmoja wa pamba ukichomwa huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, ilhali ule wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Kwa vile masoko mengi hayana mahali pa kujaribia nguo, wasakaji hupima suruali kwa kuuzungusha mkanda wake shingoni. Ncha mbili zikikutana barabara nyuma ya shingo, aghalabu kiuno kitatosha. Mbinu hii haikosi kasoro, lakini imewaokoa wengi.

Pindi nguo inapofika nyumbani, haifai kuvaliwa kabla ya kufuliwa vizuri, kuanikwa juani na kupigwa pasi. Utaratibu huu huangamiza wadudu na viini ambavyo huenda vilisafiri nayo.

KUINAMA VITABUNI NA KATIKA SAMANI

Katika barabara za katikati ya jiji la Nairobi, vitabu vilivyotumika hutandazwa chini kando ya njia. Wenyeji huyaita maduka hayo 'inama', kwa kuwa mteja hana budi kuinama ili kusoma majina yaliyo kwenye majalada. Ni ushahidi kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwezi wa Januari wauzaji hao hufurikiwa na wazazi wanaotafuta vitabu vya kiada. Miezi mingine huwa ya wapenzi wa fasihi, ambao huweza kupata riwaya isiyochapishwa tena. La kukagua hapa ni kurasa: iwapo zote zimo, iwapo hazijashikana kwa maji, na iwapo herufi ni safi. Herufi zilizofifia na karatasi hafifu kupindukia katika kitabu kinachodaiwa kuwa halisi ni dalili ya nakala iliyochapishwa kwa wizi.

Samani zahitaji subira zaidi. Kabati la mbao ngumu kama vile mvule au msaji, hata likiwa limekwaruzwa, laweza kupigwa randa, kusuguliwa kwa msasa na kupakwa vanishi likarejea kama jipya. Lile la mbao zilizoundwa kwa vumbi na gundi, pindi linapovimba kwa maji, halina dawa.

Isitoshe, unga laini unaodondoka kutoka katika vitundu vidogo ni dalili ya wadudu wanaobungua mbao. Anayekiingiza kiti kama hicho nyumbani huenda akawa amewakaribisha wageni watakaokula samani zake nyingine.

NYUNDO ZA JUA KALI

Yasiyoweza kutumika tena yakiwa yalivyo hupitia mikononi mwa mafundi wa jua kali. Jina hilo lilitokana na mazingira yao ya kazi, maana walifua vyuma peupe bila paa la kuwakinga. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosaidia ulimwengu kuanza kuzitazama shughuli kama hizi kuwa sekta ya uchumi, wala si uzururaji. Mnamo 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na vibanda vikajengwa ili kuwapa kivuli.

Kamukunji hadi leo haijanyamaza. Mapipa ya mafuta hupasuliwa, hunyooshwa kwa nyundo na kugeuzwa karai, ndoo, beleshi na masanduku ambayo wanafunzi wa shule za bweni hubebea vitu vyao. Mikebe ya vyakula hugeuka koroboi, kwa kutiwa utambi na kichuzio kidogo cha kujazia mafuta ya taa.

Kazi inayodhihirisha vyema ustadi huu ni jiko la makaa lenye kauri, lililobuniwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga na kuboresha jiko la Thailand. Ganda lake la nje hufuliwa kwa bati, mara nyingi la mabaki, na ndani hutiwa kauri ya udongo wa mfinyanzi inayohifadhi joto. Likitengenezwa ipasavyo, jiko hilo huweza kupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la kale la bati tupu. Kwa familia inayonunua makaa kwa mkebe, hiyo ni tofauti inayoonekana kila siku.

Matairi yaliyochakaa nayo huishia kuwa akala. Fundi hukata soli kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, kisha hukata kanda kwenye mpira ulio mwembamba na kuzipigilia misumari. Viatu hivyo vilisifika kwanza miongoni mwa wafugaji na vibarua kwa kustahimili miiba na mawe. Siku hizi huvaliwa hata na vijana wa mjini wanaovipamba kwa shanga.

MABAKI YA BAHARI

Pwani, mbao za majahazi na mashua yaliyozeeka hazichomwi ovyo. Mbao hizo zimekaa majini miaka mingi, zimeiva na kupata mistari na matundu ya misumari ambayo hakuna randa inayoweza kuyaiga. Mafundi wa Lamu huzigeuza kuwa meza, viti na fremu za vioo.

Bahari yenyewe huleta malighafi isiyoagizwa. Katika miaka ya 1990, kandambili zilizotupwa baharini zilirundikana katika ufuo wa Kiunga, kaskazini mwa Lamu, mahali ambapo kasa hutaga mayai. Watoto walikuwa wakizikata na kuzitengenezea vidude vya kuchezea. Mwanasayansi wa bahari Julie Church alipoona hayo, aliwahimiza kina mama wa huko kuziokota, kuziosha na kuzichonga ziwe mapambo ya kuuza. Kutokana na wazo hilo lilizuka shirika la Ocean Sole, ambalo huunda sanamu za twiga, simba na kasa kwa mpira wa kandambili.

Mnamo 2018 fundi mashuhuri wa vyombo vya bahari, Ali Skanda wa Lamu, pamoja na wenzake, walikamilisha jahazi dogo la mita 9 lililoundwa kwa tani kadhaa za plastiki iliyokusanywa fuoni na mitaani. Mbavu na mkuku wake viliyeyushwa na kuchongwa kwa ustadi ule ule wa kuchonga mbao, na mwili wake ukafunikwa kwa kandambili za rangi mbalimbali. Jahazi hilo, Flipflopi, lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mapema mwaka wa 2019, umbali wa takriban kilomita 500.

Safari hiyo ilifanyika chini ya miaka miwili baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 28 Agosti, 2017.

VIOO, NYAYA NA MIWANI

Kusini mwa Nairobi, kwenye ukingo wa mbuga ya wanyama, msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo ya Kitengela. Vipande vya madirisha na chupa zilizotupwa huyeyushwa katika tanuu na kupulizwa vikawa gilasi, vazi za maua na taa za rangi.

Naye Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984 na kulelewa karibu na jaa la Dandora, amejipatia jina ughaibuni kwa miwani ya ajabu anayoiunda kwa nyaya, vifuniko vya chupa na vipande vya mitambo iliyokufa. Kazi zake zimeonyeshwa katika kumbi za sanaa za Afrika, Ulaya na Marekani.

Lakini Dandora si hazina tu. Jaa hilo lilianza kutumika katika miaka ya 1970 na mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, ingawa taka ziliendelea kumwagwa. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliotolewa mwaka wa 2007 ulihusisha watoto 328 walioishi na kusoma karibu na hapo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutia hofu.

VITU VYA KUACHWA

Hapa ndipo elimu ya msakaji inapojaribiwa, kwani si kila kilichotupwa kinafaa kuokolewa na mkono wowote.

Betri kuukuu za magari zina risasi na asidi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoziyeyusha betri hizo kiliwadhuru wakazi. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo uliokuwa umebatilishwa katika rufaa. Iwapo kiwanda kizima kilishindwa kudhibiti sumu hiyo, anayeipasua betri uani kwake kwa nyundo anacheza na maisha ya wanawe.

Pipa lililobeba kemikali au dawa za wadudu halifai kuhifadhia maji ya kunywa, hata lioshwe mara ngapi. Nyaya za umeme hazifai kuchomwa ili kupata shaba, maana moshi wa plastiki yake ni sumu. Sufuria zilizosubuwa kwa mabaki ya vyuma visivyojulikana huenda zikawa na risasi inayopenya ndani ya chakula, hasa kile chenye uchachu. Mabati ya asbesto hayafai kukatwa wala kutobolewa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Vivyo hivyo, kofia ya kujikinga ya mwendeshaji wa bodaboda ambayo imewahi kugonga barabara huwa imepoteza nguvu yake, hata kama ufa hauonekani. Bei yake nafuu ni mtego.

SHERIA INAVYOSEMA

Msakaji anapaswa pia kujiuliza kitu kimetoka wapi. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa anaweza kufungwa jela hadi miaka 14. Simu inayouzwa gizani kwa robo ya thamani yake, bila risiti, si bahati njema.

Biashara ya vyuma chakavu inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, na wanaoifanya sharti wawe na leseni. Mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo yote kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, kisha ikaifungua tena Mei kwa masharti makali. Fundi mwaminifu aliyekosa kazi miezi hiyo aliadhibiwa kwa makosa ya mwizi, na ya mnunuzi ambaye hakuuliza.

Milango ya nakshi ya Lamu nayo ina sheria yake. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka wa 1946 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ni kitu kinacholindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Haufai kung'olewa na kusafirishwa ng'ambo bila kibali, hata kama mwenye nyumba ameuchoka.

UPANDE WA PILI WA MEZA

Ni rahisi kwa anayefurahia bei kusahau kuwa upande wa pili wa meza yupo mtu. Gikomba imeteketea mara nyingi. Katika moto wa Juni 2018 watu 15 walipoteza maisha. Mchuuzi anayekataa kushusha bei kwa Sh50 huenda anajenga kibanda chake upya kwa mara ya pili au ya tatu.

Kuomba kupunguziwa ni ada ya sokoni na hakuna anayeikasirikia. Lakini wasakaji wa miaka mingi hujua mpaka wa kuvuta kamba. Mchuuzi aliyetendewa haki humkumbuka mteja wake, na siku robota jema linapofunguka humwekea kando kamera kabla ya umati kufika. Hakuna mbinu ya usakaji inayoshinda hiyo.

Mwishowe, akiba kubwa zaidi mara nyingi haiko sokoni. Sweta inayohitaji kifungo kimoja, kiti kinachohitaji msumari na redio inayohitaji waya mmoja tayari vimo nyumbani, na historia yake inajulikana. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wa kale. Msakaji aliyehitimu huanza kuokoa vilivyo chini ya kitanda chake mwenyewe, kisha ndipo huenda Gikomba.